Kisima Namba Tatu Kimelala

Kasuku alikuwa akisema, kwa yeyote mwenye masikio na asiye na haraka, kwamba upweke ni ugonjwa wa watu wasio na akili. Mtu mwenye akili, kwa maelezo yake, hawezi kuwa peke yake hata akitaka: kuna yeye na kuna akili yake, tayari hao ni wawili.

"Niwekeni pangoni na jiwe moja," aliwaambia wenzake jikoni, wakati habari mbaya ilikuwa bado ni uvumi wa kunong'onezana. "Mkirudi mtakuta jiwe linacheka."

"Tutalikuta linalia," alisema mpishi bila kugeuka kutoka kwenye sufuria. "Linaomba lirudishwe mtoni lilikotoka."

Watu walicheka, na Kasuku akacheka kuliko wote, maana hapo kambini hakuna aliyempenda mpishi kama yeye, ingawa ungemchoma kwa pasi asingelisema. Mpishi walimwita Mama Upawa. Upawa haukumtoka mkononi: alipikia nao, alielekezea wageni njia nao, na aliyechelewa mezani aligongwa nao begani. Yeye Kasuku aliitwa hivyo kwa sababu aliweza kuiga sauti yoyote, kuanzia meneja anapodanganya hadi gari la maji linapokataa kuwaka.

Kambi ilikuwa ya kuchimba gesi. Kabla mambo hayajaharibika palikuwa na mnara wa chuma uliopiga kelele mchana kutwa na usiku kucha, jenereta zilizotetemesha vikombe mezani, na bomba refu lililochoma gesi ya ziada kwa mwali mkubwa kiasi kwamba kuku wa bondeni walisahau saa za kulala. Halafu huko duniani, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika, viwanda vikapunguza kazi, watu wakaacha kununua vitu, na bei ya gesi ikaporomoka kama suruali isiyo na mkanda. Meneja aliwakusanya akawaeleza maana ya mdororo wa uchumi. Alieleza vizuri, na michoro ubaoni. Kasuku, aliyemaliza sekondari na hakutaka mtu asahau jambo hilo, alinyoosha mkono.

"Na gesi yenyewe imeshaambiwa?"

"Imeambiwa nini?"

"Kwamba bei imeshuka. Isije ikaendelea kusukuma huko chini bila habari."

Meneja alisema aulize maswali ya maana au anyamaze. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mnara ulilazwa chini, ukakatwa vipande, ukapakiwa kwenye malori. Visima vitatu vilivyokwisha kuchimbwa havikuzibwa kwa saruji, kwa kuwa kuziba ni kazi ya gharama na huenda bei ingepanda siku moja. Vilifungwa valvu tu juu, vikaachwa visubiri. Watu walipewa barua za kuachishwa kazi. Gesi haikupewa barua.

Akahitajika mtu mmoja wa kubaki kulinda. Mwenye mke alikataa, mwenye watoto alikataa, na Kasuku akajikuta ametazamwa na kambi nzima. Aliyesema habari za pango na jiwe si yeye? Hakuwa na pa kutokea. Alipiga kifua akasema kazi hiyo ni likizo.

Siku malori ya mwisho yanaondoka, Mama Upawa alimtafuta amuage. Hakumwona. Kasuku alikuwa stoo, nyuma ya magunia ya udongo wa kuchimbia, anajifanya anakagua geji ambayo haikuwa imeunganishwa na kitu chochote. Alisikia akiitwa. Alimsikia Mama Upawa akisema, "Mwacheni. Bwana mkubwa ana raha zake." Kisha milango ya gari ikafungwa, injini ikaunguruma, ikawa ndogo, ikaisha.

Alipotoka, uwanja ulikuwa mpana kuliko alivyouacha.

Hapa lazima mtu aujue mwito, vinginevyo yaliyofuata hayataeleweka. Ulianzishwa na fundi wa valvu, mzee mmoja mkohozi ambaye wote walimwita Babu hata wale waliomzidi umri. Kila jioni, jua likianza kushuka, Kasuku alishika redio ya upepo pale getini na kuita kisima kimoja kimoja, na aliyekuwa zamu alijibu kwa redio yake ya mkononi. Lakini Babu alipiga marufuku neno "salama".

"Salama si habari, ni salamu," alisema, akikohoa katikati ya maneno kama mtu anayeweka mkato. "Mtu nyumba inaungua, ukimuuliza habari za nyumbani anakujibu salama, halafu ndiyo anaomba ndoo. Hapa mtu atasema kisima kimelalaje."

Kwa hiyo kila mmoja alitembea na chupa ya maji ya sabuni kutoka jikoni kwa Mama Upawa. Aliyamwagia kwenye maungio ya valvu na kutazama. Pasipotoka povu, kisima kimelala. Pakitoka mapovu madogomadogo, kinakoroma, na fundi aitwe. Povu likiruka juu, kimeamka, na hapo mtu aache chupa, aangalie upepo unatoka wapi, akimbie kuelekea hukohuko. Jikoni nako kuliitwa, mwisho kabisa, na Mama Upawa alijibu kwamba jikoni hakulali mtu, njooni mle kabla hakijapoa. Huo ndio uliokuwa mwito. Haukurukwa hata siku moja.

Siku za mwanzo za upweke wake Kasuku alijikaza kisabuni, kama wasemavyo. Alilala kitanda hiki leo na kile kesho, akijisifu kwamba ana vyumba kuliko mfalme. Kila godoro lilikuwa na bonde la mwili wa mtu mwingine. Katika chumba cha Breki, dereva wa zamani aliyelinda kisima namba moja, kalenda ilikuwa imebaki kwenye mwezi wa barua. Katika chumba cha Shemeji, wa namba mbili, palikuwa na ndara moja ya mguu wa kushoto. Kasuku aliitazama ndara hiyo akajiuliza mwenzake amefikaje kwao. Akacheka. Kicheko kiligonga ukuta wa bati kikamrudia, nacho hakikuwa kimenenepa njiani.

Asubuhi alipanda baiskeli kuzungukia visima. Pikapu ilichukuliwa na kampuni pamoja na jenereta. Kilichobaki ni paneli za sola za getini, tangi la maji na baiskeli yenye kengele lakini isiyo na breki. Namba moja palikuwa karibu. Namba mbili palikuwa nyuma ya bwawa la maji machafu ya uchimbaji, ambalo plastiki yake ya chini ilishaanza kujikunja pembeni na hakuna tena pampu ya kulinyonya. Namba tatu palikuwa mbali, ng'ambo ya korongo, juu ya bonde alilorudi kukaa Mama Upawa.

Na pale namba tatu palikuwa na kiti cha Babu. Kilikuwa kiti cha gari bovu, chenye sponji iliyotoka pembeni, kimewekwa kwenye kivuli cha kibanda cha bati. Mgongo wa mzee ulikuwa umejichora kwenye ngozi yake, na kichwa, na mahali alipopumzisha mkono wa chupa. Mara ya mwisho Kasuku kufika pale alisimama mbele ya kiti akashindwa kukaa na akashindwa kuondoka. Kulikuwa kimya. Halafu akasikia kitu: sss, nyembamba, kama mtu anamwita mtu kwa siri asisikike na wengine.

Hakuwa na chupa. Ile sabuni ya mwisho alikuwa amefulia shuka.

"Upepo," alisema kwa sauti.

Majani ya mti wa karibu yalikuwa yametulia tuli. Kasuku hakuyatazama sana. Alipanda baiskeli, na kuanzia siku hiyo njia ya korongo ikawa na miiba, ikawa na utelezi, ikawa na jua kali, ikawa na kila kitu kinachomzuia mtu mwenye nia njema. Ukweli ni kwamba hakukiogopa kisima nusu ya alivyokiogopa kile kiti kisicho na mtu.

Jioni ile ile, kwa mazoea tu, alishika redio ya getini akaita.

"Namba moja?"

Redio ikamjibu kwa mvumo wake mtupu: sss.

Akaiweka chini haraka kama imemuuma. Akaichukua tena. Akaenda kwenye rafu ya kuchajia, ambako redio za mkononi za wenzake zilikuwa zimesimama kila moja na utepe wenye alama ya mwenyewe. Zote zilirudishwa isipokuwa ya jikoni. Mahali pake palikuwa na tundu na vumbi. Akatoa ya Breki, yenye harufu ya mafuta ya gari, akaiweka mdomoni na kunyanyua bega moja kama Breki alivyonyanyua.

"Moja imelala, bwana mdogo. Imelala mpaka inaota."

Ilikuwa ni utani. Aliisikia sauti ikitoka kwenye redio ya getini, mbali kidogo naye, imepakwa ule mkwaruzo wa hewani, na ilikuwa ni Breki kabisa. Kisha akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu malori yaondoke, akaitoa ya Shemeji.

Tangu hapo ikawa kazi. Na kwa kuwa Kasuku hakupenda kazi ya ovyo, aliitengeneza. Redio mbili zikikaribiana zilipiga kelele kama nguruwe, hivyo aliuliza akiwa getini, akaenda mbio kujibu akiwa nyuma ya tangi, akarudi mbio kuuliza tena. Mtu angemwona angedhani kijana anafukuzwa na nyuki wasioonekana. Breki alilalamika mgongo. Shemeji aliuliza habari za dada za watu. Babu alikohoa kabla ya neno, katikati ya neno na baada ya neno, akasema, "Tatu kimelala, kijana," na wakati mwingine aliongeza mambo ambayo Babu mwenyewe asingeyasema hata kwa viboko: kwamba Kasuku ni mfanyakazi hodari, kwamba hajawahi kuona kijana mwenye moyo kama huo.

Sauti moja tu alishindwa kuifanya. Alipofika jikoni alinyamaza, akasubiri kidogo kama anayempa mtu nafasi, akazima.

Baada ya mwito meneja alipiga simu kutoka mjini.

"Habari za huko?"

"Vimelala, bosi."

"Vyote?"

"Vyote."

"Safi. Unajua, Kasuku, kwa upande wa mazingira mdororo huu umetubeba. Moshi hakuna, kelele hakuna. Nimewaandikia wakubwa kwamba ndege wamerudi. Wamerudi?"

"Wamerudi, bosi. Wengine wamekuja na familia."

Hilo lilikuwa kweli. Ndege walijaa tele kwenye uwanja wa mnara wa zamani, nyasi zilipenya kwenye changarawe, na sungura alizaa ndani ya bomba lililosahauliwa. Kasuku hakusema kwamba ndege hao wote walikaa upande mmoja. Aliwaona kila alipopanda juu ya tangi: walifika kwenye korongo wakapinda, kama kuna ukuta wa kioo. Na ng'ambo, kukizunguka kisima namba tatu, mvua zilikuwa zimenyesha na kila mahali pamekuwa kijani, isipokuwa duara moja la rangi ya karatasi kuukuu ambalo kila akilitazama lilikuwa limepanuka.

"Ila nikwambie kitu," meneja aliendelea, na sauti yake ikashuka ngazi. "Kampuni haina hela ya kumleta fundi na mitambo. Haina. Siku nikisikia neno jingine zaidi ya kimelala, wakubwa watatia kufuli getini, watakurudisha kwenu, na wataanza kugombana na serikali nani azibe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Ndiyo maana nilikuchagua. Wewe huna wasiwasi."

Kasuku alielewa vizuri mno. Akisema kinakoroma, anamwaga unga. Asiposema, duara linaendelea kupanuka kuelekea bondeni.

Na bondeni kulikuwa na moshi. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alipanda tangi kuutazama: uzi mwembamba wa moshi wa jiko la kuni la Mama Upawa ukipanda moja kwa moja kutoka kwenye nyumba iliyojificha. Alijua saa ile anachochea, saa ile anafunika sufuria. Ilikuwa ndiyo salamu yake ya asubuhi, ingawa aliyeituma hakujua kama kaituma. Angeweza kwenda. Kwa baiskeli haikuwa safari ya kutisha. Lakini angefika aseme nini, yeye bwana mkubwa mwenye raha zake? Na angepitia wapi, kama si kwenye kile kiti? Basi alitazama moshi, na wakati mwingine wazo lilimjia kwamba moto na kile kilichokuwa kikisema sss pale juu si majirani wa kupendeza, naye akalifukuza wazo kama mtu anavyofukuza mbuzi: likasogea hatua kidogo, likasimama, likaendelea kumtazama.

Mchana wa siku hii tunayoisimulia alipika wali ukaungua. Alipakua sahani mbili. Alipoiona ya pili akasema, "Hii ni ya jioni," ingawa hakuna aliyemuuliza. Alifagia ofisi ambayo haikuwa na mtu wa kuichafua. Alikwenda jikoni kwa Mama Upawa, ambako alikuwa hajaingia tangu malori, akakuta meko yamekuwa baridi na mende wenyewe wamehama. Upawa wa ziada ulikuwa bado umening'inia msumarini. Aliuchukua, akajigonga nao begani taratibu, na alishangaa jinsi bega lilivyouma.

Jua lilipoanza kushuka akaenda getini.

"Namba moja?"

Mbio nyuma ya tangi. "Moja imelala. Mgongo ndio umeamka, bwana mdogo. Huu mgongo utanizika."

Mbio getini. "Pole, Breki. Namba mbili?"

"Mbili kimelala, shemeji. Dada hajambo?"

"Hajambo, anasema hakujui. Namba tatu?"

Aliichukua redio ya Babu, ile iliyofungwa kwa mpira wa tairi, akafika nyuma ya tangi akihema. Akakohoa vizuri, kikohozi cha kutoka tumboni.

"Tatu kimelala, kijana. Nimekaa hapa kwenye kiti changu, natazama jua. Kimelala kama mtoto aliyeshiba." Akakohoa tena. Halafu, kwa sababu siku ilikuwa ndefu na bega bado lilikuwa likiuma, akaongeza, "Nakwambia ukweli, sijaona mtu jasiri kama wewe. Kukaa peke yako hivyo. Wengine wangeshalia."

"Ahsante, Babu," alisema getini.

Akasimama. Uwanja ulikuwa mwekundu kwa jua la mwisho. Kimya kile cha nafasi ya jikoni kikafika, kikamkalia. Jioni nyingine zote alikuwa amekiacha kipite. Safari hii alibonyeza kitufe.

"Jikoni?"

Akaishika redio iliyokuwa karibu, ya yeyote tu, hakuangalia utepe. Hakukimbia nyuma ya tangi. Alijaribu sauti ile kwa mara ya kwanza, polepole, kama mtu anayevaa nguo ya marehemu. "Jikoni hakulali mtu. Njoo ule, we mtoto wa watu, kabla..."

Redio zote mbili zikapiga kelele. Akazitenganisha, akaziba sikio, na kelele ilipoisha kulikuwa na sauti nyingine hewani.

"Hivyo ndivyo ninavyosikika? Kama mbuzi mwenye mafua?"

Kasuku aliitazama redio ya mkono wa kulia. Akaitazama ya mkono wa kushoto. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

"Jikoni unapopaita hakuna mtu," sauti iliendelea, nzito, isiyo na haraka. "Jikoni nimesimama hapa, kisima namba tatu. Na hiki kiti cha Babu kina utando wa buibui mkubwa kama chandarua. Sasa niambie, mwanangu, huyo aliyekaa hapa sasa hivi akatazama jua, amekaa juu ya buibui?"

Redio ya jikoni. Lile tundu la vumbi kwenye rafu.

"Niliondoka nayo mfukoni mwa aproni," Mama Upawa alisema, kana kwamba ameulizwa. "Sikukumbuka. Nikaichaji kwa dada yangu mwenye sola. Jana jioni nikaiwasha hivihivi tu, nimsikie mtu. Nani nikamsikia? Babu. Anakohoa palepale anapokohoa. Tatu kimelala, kijana. Nikasema, kumbe wamemrudisha mzee wa watu, na mimi nimekaa hapo chini sijui, hata maji sijampelekea. Leo nimepika. Nimekibeba chakula na bakuli la mchuzi nikapanda mlima na magoti haya unayoyajua. Nimefika. Nimemwita Babu. Nimezunguka kibanda. Nikasema labda kaenda kujisaidia, nikakaa nikasubiri. Mtu mzima, na bakuli mapajani, namsubiri mtu aliyeko kwao. Mara namsikia anazungumza kwenye aproni yangu kwamba amekaa kwenye kiti chake, na kiti ninakiona."

Kasuku alibonyeza kitufe. Akakiachia.

"Na hakijalala," alisema Mama Upawa.

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nyuma yake, sasa kwa kuwa alitulia, Kasuku aliisikia ile sss, na haikuwa ya redio.

"Sikuwa na sabuni. Nimetema mate kwenye ile nati kubwa. Yanachemka. Nimetema tena nisije nikajidanganya, yanachemka tena. Nyasi hapa zimekufa zote. Na maji ya chemchemi yangu kule chini yanatoa mapovu tangu mvua zianze, mimi nadhani ni vyura. Wewe ulikuwa unajua?"

Kasuku aliiweka chini ile redio ya pili.

"Ulikuja huku?"

Alitafuta sauti. Ya Breki ingesema jambo la mgongo. Ya Shemeji ingeuliza habari za dada. Ya Babu hakuthubutu hata kuifikiria. Zilikuwa zimesimama zote kooni mwake kama watu kwenye foleni ambao kila mmoja anamwambia mwenziwe tangulia.

"Haya," Mama Upawa alisema. "Sikuja kukugombeza, nilikuja kulisha mtu. Sikiliza. Simu ya mjini itapigwa. Utawaambia kinakoroma wewe mwenyewe, au niwapigie mimi kwa sauti yako? Nimekusikia vya kutosha, nadhani naiweza. Wakitia kufuli, watie. Lakini kabla ya hao wa mjini, mimi nina swali langu moja dogo. Nitashuka sasa hivi, na kesho nitaamka, na nitataka chai. Niwashe moto, au nisiwashe?"

Mvumo. Ndege walikuwa wameshanyamaza. Kutoka pale getini Kasuku aliweza kuona ng'ambo ya korongo, ule mduara mkavu ukiwa mweusi dhidi ya anga, na katikati yake kitu kidogo kimesimama wima, kama msumari, au kama upawa.

Alibonyeza kitufe.

"Usiwashe, mama," alisema. "Wala huko usikae, kimbilia upande upepo unakotoka. Nitawaambia mimi. Naja sasa hivi, nisubiri kwenye njia, usiende, mama."

Maneno yalitoka membamba, yamepasuka katikati, na mwishoni yalikuwa na maji. Hayakufanana na mtu yeyote kambini.

"Na huyo ni nani tena?" Mama Upawa akauliza, taratibu. "Huyo sijawahi kufanya naye kazi."